Mahali pa Kazi Pasiwe Mahali pa Kuugulia

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo ni ahadi kwa kila mwenye kufanya kazi: avumilie jasho la leo, kwani kesho atapumzika na kula alichokichuma. Lakini zipo kazi ambazo humfikisha mtu kivulini hali kifua chake kimekwisha kuharibika, na alichokichuma hawezi tena kukila kwa raha. Swali tunalotaka kulitazama leo ni hili: mfanyakazi afanye nini, na anastahili kutendewa nini, pale mahali anapofanyia kazi panapogeuka kuwa chanzo cha maradhi yake?

Tunaanzia Mkuyuni. Msafiri atokaye mjini Morogoro kwa barabara ya Bigwa kwenda Kisaki huizunguka Milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, na kabla ya kufika Matombo hupita Mkuyuni. Msomaji wa Unguja au Pemba akifika huko hatajiona mgeni sana. Atakuta migomba, michungwa na mifenesi, na katika miteremko ya milima ataiona mikarafuu, midalasini na mipilipili manga. Jina lenyewe la mahali hapo ni jina la mti wenye kivuli kipana. Ni vigumu kudhani kwamba nchi yenye ubichi wa namna hiyo ina habari yoyote ya vumbi.

Hata hivyo habari hiyo ipo, na ni ya siku nyingi. Katika Milima ya Uluguru mna ulanga, yale madini yanayong'aa na kubanduka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu. Tangu enzi ya utawala wa Wajerumani ulanga ulichimbwa humo na kupelekwa ng'ambo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kati ya mwaka 1939 na 1945, mataifa yaliyopigana yaliutafuta kwa bidii, kwa kuwa ulanga hustahimili joto na huzuia umeme, na kwa hiyo ulihitajika katika mitambo ya umeme na ya redio. Baadaye Matombo nayo ilijulikana kwa vito vya rubi. Huko tambarare, Mkoa wa Morogoro umekuwa kwa miaka mingi nchi ya mashamba ya mkonge, na mjini Morogoro vikajengwa viwanda. Mtoto wa Mluguru aliyeshuka kutafuta mshahara, pamoja na ndugu zake waliotoka mbali, wengine kutoka visiwani, walikutana na vumbi katika sehemu zote hizo.

VUMBI LISILOONEKANA

Hapana budi tueleze madhara yenyewe kabla ya kuzungumzia haki, maana mtu hawezi kudai asichokijua. Ulanga hauko peke yake mwambani. Hukaa pamoja na mawe mengine magumu, likiwamo jiwe la kwatzi ambalo ndani yake mna silika. Mwamba unapotobolewa, kulipuliwa kwa baruti au kupondwa, silika hutoka ikiwa vumbi jembamba mno. Vumbi nene huonekana, nalo huzuiliwa na vinyweleo vya pua na kutemwa pamoja na makohozi. Lile jembamba halionekani kwa macho. Hupita moja kwa moja mpaka katika vifuko vya hewa vya mapafu na kukaa humo. Mapafu hujitahidi kupigana nalo, yakapata makovu, na mahali penye kovu pumzi haipiti. Maradhi hayo huitwa silikosisi. Hayana dawa ya kuyaponya. Tena huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na mwenye nayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko watu wengine.

Mwaka 2003 ulichapishwa uchunguzi uliopima vumbi katika machimbo madogo ya Mererani, huko kaskazini mwa nchi yetu, ukakuta vumbi la silika likipita kwa mbali kiasi kinachoshauriwa na wataalamu. Mererani si Uluguru, lakini jiwe ni jiwe, na pafu la binadamu ni lile lile.

Mkonge una mambo yake. Katika korona, yaani kiwanda cha kuchambulia majani, kazi ni ya maji na utomvu unaowasha ngozi. Singa zikishaanikwa na kukauka hupelekwa kwenye mashine ya brashi, na hapo ndipo vumbi hutanda kama ukungu. Tangu mwaka 1978 matokeo ya kupima mapafu ya wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania yalichapishwa katika jarida la madaktari la Uingereza. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta dalili kama kikohozi na chafya zikiwasumbua hasa watu wa chumba cha brashi. Jambo hili la chumba lina maana kubwa kwetu. Shamba ni moja, mwajiri ni mmoja, mshahara unalingana. Lakini anayefanya kazi katika chumba kimoja huumia kuliko mwenzake wa chumba cha pili. Basi mahali ndipo panapodhuru, na mahali panaweza kubadilishwa.

SHERIA INASEMA NINI

Kwa upande wa Bara, sheria ya viwanda iliyoachwa na Waingereza, ya mwaka 1950, ilikuja kuondolewa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi huujua kwa jina la OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria hiyo imempa mwajiri wajibu wa kuifanya sehemu ya kazi iwe salama, kuwaeleza wafanyakazi hatari zilizopo, na kuhakikisha kwamba wanapimwa afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda. Aliye na wafanyakazi zaidi ya wanne hana budi kuwa na mwakilishi wa usalama na afya kati yao. Kwa hiyo haki ya kwanza ya mfanyakazi ni kuambiwa ukweli, na ya pili ni kupimwa.

Tunaisisitiza hii ya pili. Anayepimwa siku ya kwanza ana ushahidi kwamba aliingia na mapafu mazima. Asiyepimwa, siku atakapokohoa ataambiwa kwamba alikuja na kikohozi chake kutoka kwao.

Haki ya tatu ni kujiondoa kwenye hatari. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa kuwa ana sababu ya kutosha kuamini kwamba maisha au afya yake iko katika hatari kubwa iliyo karibu, asiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Mwezi wa Juni 2022 Shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Nchi yetu ni mwanachama tangu mwaka 1962.

Lakini tunawatahadharisha wafanyakazi. Kujiondoa kwenye shimo linalotaka kuporomoka si sawa na kutoroka kazini. Maradhi mengi yatokanayo na mahali huja polepole, na kwa maradhi ya namna hiyo njia iliyo salama ni ya maandishi: kwenda kwa daktari, kupata cheti, kumwandikia mwajiri barua ya kuomba kubadilishiwa kazi au kituo, na kubaki na nakala yake. Mtu akikaa nyumbani zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika, huenda akapoteza kazi kwa utoro hali alikuwa na haki tele upande wa afya. Haya yanamhusu pia mwalimu au mganga aliyepangiwa kituo chenye baridi na unyevu wa milimani, akawa na pumu inayomzidia kila msimu wa mvua. Uhamisho kwa sababu ya afya unaombwa kwa kupitia mkuu wake wa kazi, na cheti cha daktari ndicho kinachousemea.

Haki ya nne ni kuuguzwa bila kufukuzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla hajafikiria kumwachisha kazi mgonjwa, atazame chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama inawezekana kumrekebishia kazi au kumpa nyingine. Na ikiwa kazi yenyewe ndiyo iliyomwumiza, mwajiri anatakiwa ajitahidi zaidi kumtafutia nafasi. Hilo ni jambo la haki kabisa. Aliyevunja mtungi wa mwenziwe hawezi kumfukuza kisimani kwa kuwa hana mtungi.

Kadhalika sheria hiyo inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa kalamu yake mwenyewe na bado ikahesabiwa kuwa ameachishwa na mwajiri, ikiwa mwajiri ndiye aliyeifanya kazi isivumilike. Mwenye malalamiko ya kuachishwa isivyo haki huyapeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Siku 30 ni chache. Wengi wamepoteza haki zao wakingojea huruma.

Haki ya tano ni fidia. Sheria ya zamani ya fidia, ya tangu ukoloni, iliweka kikomo cha shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo, viwango ambavyo thamani ya fedha ilivyoshuka vilikuja kuwa kama dhihaka. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliviondoa, na Mfuko wake ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Anayechangia Mfuko huo ni mwajiri, wala mfanyakazi hakatwi kitu. Waajiri binafsi walianza kwa asilimia 1 ya mishahara, na tangu Julai 2022 wanalipa nusu ya asilimia. Maradhi yatokanayo na kazi yamo pamoja na ajali, na mdai hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya uzembe. Mafao yenyewe ni matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, malipo ya msaidizi wa mgonjwa, ukarabati wa afya, gharama za mazishi, na pensheni kwa wategemezi.

DAKTARI AULIZE KAZI

Ikiwa sheria ni nzuri kiasi hicho, kwa nini basi wako watu wanaokohoa vijijini bila kulipwa? Sababu ya kwanza ni kwamba ajali huonekana na maradhi hayaonekani. Kidole kilichokatwa na mashine kina shahidi, saa na tarehe. Pafu lililoharibika kwa miaka 15 halina shahidi isipokuwa daktari, na daktari hawezi kulishuhudia asipouliza. Mwaka 1700 mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya maradhi ya wafanya kazi, akawahimiza waganga wenziwe waongeze swali moja wanapomhoji mgonjwa: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita, na swali hilo lingali jepesi na lisilo na gharama. Mgonjwa wa kifua anapofika zahanati ya kata, mara nyingi hutibiwa kifua kikuu, na pengine kweli anacho. Lakini asipoulizwa kazi yake, na lile andiko dogo lisipoingia kwenye kadi, vumbi lililomfungulia mlango kifua kikuu halitajulikana, na wenzake walio kule kule shimoni wataendelea kuvuta hewa ile ile.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Sheria hizi zinamzungumzia mwajiriwa. Vijana wengi wa machimbo madogo hawana barua ya ajira wala mshahara. Hula chakula cha mwenye shimo na kungoja mgawo siku jiwe litakapopatikana. Mwenye shimo husema, "Hawa si wafanyakazi wangu, ni washirika wangu." Ni neno tamu, lakini ushirika gani ambao mmoja hubaki na leseni na mwingine hubaki na vumbi?

Hapa tunawakumbusha maofisa wetu kifungu kimoja ambacho hakisomwi vya kutosha. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo japo dalili moja kati ya zilizotajwa, hata mkataba wao uwe umeandikwa kwa sura gani. Miongoni mwa dalili hizo ni hizi: kwamba anaelekezwa na mwingine namna ya kufanya kazi au saa za kazi, kwamba amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, kwamba maisha yake yanamtegemea huyo anayemfanyia kazi, kwamba amepewa naye vifaa vya kazi. Kijana wa shimoni anayepewa sururu, akaamriwa saa ya kushuka na saa ya kupanda, ana dalili zaidi ya moja. Mzigo wa kukanusha ni wa mwenye shimo. Kinachotakiwa ni ofisa wa kazi atakayekwenda mpaka mdomoni mwa shimo na kuuliza.

BAHARI SI MPAKA WA MAPAFU

Kwa ndugu zetu wa visiwani jambo hili lina sura yake. Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Mafia, iliyo sehemu ya Mkoa wa Pwani, inafuata sheria za Bara tulizozitaja. Zanzibar ina sheria zake: Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka 2005, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka huo huo, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya mwaka 1986, ambayo ilirekebishwa baadaye. Kwa hiyo kinachotazamwa ni mahali ilipofanyika kazi. Mpemba aliyeajiriwa Morogoro analindwa na sheria ya Bara, na Mluguru aliyeajiriwa katika hoteli ya Unguja analindwa na sheria ya Zanzibar.

Ugumu huja pale maradhi yanapochelewa. Mtu amefanya kazi ya vumbi Bara ujana wake wote, kisha amerejea kwao Wete akiwa hana nguvu. Ugonjwa unamdhihirikia huko. Daktari wa Wete hajui chumba cha brashi, na ofisi yenye kumbukumbu za ajira iko ng'ambo ya bahari. Nauli ya meli peke yake yatosha kumkatisha tamaa. Tunaona ni wajibu wa mamlaka za pande zote mbili kuwa na utaratibu wa kupelekeana kumbukumbu za afya za wafanyakazi, ili mgonjwa aanzie shauri lake mahali alipo.

Wala visiwani kwenyewe si kwamba hapana mahali panapodhuru. Wachumaji wa karafuu huanguka mitini, na aghalabu ni vibarua wa msimu. Wanawake wa mwani hushinda ndani ya maji ya chumvi chini ya jua kali. Uchunguzi juu ya kilimo cha mwani Zanzibar, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta akina mama hao wakilalamikia uchovu, maumivu ya viungo, macho na kifua, na kipato chao kikiwa kidogo mno. Hao nao huitwa wakulima wanaojitegemea, ijapokuwa bei hupangwa na mnunuzi. Msomaji ataona kwamba mwanamke wa mwani na kijana wa shimo la Uluguru wana kesi moja: wote wawili wanamtajirisha mtu ambaye hataki kuitwa mwajiri wao.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Tunajua waajiri watasema kwamba usalama ni gharama. Ni kweli, lakini si gharama yote iliyo kubwa. Kumwagia maji mwamba unapotobolewa hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa. Kufungua kuta za chumba cha brashi, kuweka pangaboi la kuvuta hewa chafu, na kuwabadilisha watu zamu ili mmoja asimalize miaka 10 mahali pale pale, ni mambo ambayo kiwanda hakifilisiki kwayo. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi, kwa kuwa vumbi linaloua ni lile linalopita kwenye kitambaa.

Kwa wafanyakazi tunasema: dai kupimwa unapoingia na unapotoka, weka vyeti vyako mwenyewe, andika malalamiko, na usingoje muda wa sheria upite. Chama cha wafanyakazi, kiwe TPAWU mashambani, TAMICO machimboni au vyama vilivyo chini ya ZATUC huko Zanzibar, kina kazi ya kufanya zaidi ya kudai nyongeza ya mshahara. Nyongeza anayopewa mtu asiye na pumzi huishia hospitali.

Kwa maofisa wa Serikali tunatoa wito wa mambo matatu. Wakaguzi wasiishie viwanda vilivyo kando ya barabara kuu. Wapande pia mpaka kwenye machimbo. Hospitali na zahanati zote ziandike kazi ya mgonjwa wa kifua. Na kila leseni ya kuchimba inapotolewa au kuhuishwa, mwenye nayo aonyeshe orodha ya watu wake, vyeti vyao vya afya, na risiti ya mchango wake katika Mfuko wa Fidia. Asiyeweza kuonyesha vitu hivyo vitatu, asichimbe.

Katiba yetu ya mwaka 1977 imeitaja haki ya mtu ya kuishi, na imeitaja pia haki yake ya kufanya kazi. Hakuna kifungu kinachomwamuru achague mojawapo.